Venice mwezi wa kwanza kwa hela ya kawaida: vyumba, boti, chakula na kipi kinastahili pesa yako

Ntaanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asipate shida: Venice inaendeka kwa hela ya kawaida, ila uende mwezi wa kwanza, uende katikati ya wiki, na uhakikishe hata usiku mmoja unalala ndani ya mji wenyewe kule visiwani, sio Mestre kule bara. Hilo la kulala ndani ndo kubwa kuliko yote. Boti, chakula, makanisa, hayo mengine yote yanapangika.

Mi na mume wangu tunaishi Munich. Tulifunga ndoa Dar tukarudi kazini moja kwa moja bila fungate, kila mwaka tunasema mwakani, mwakani, mpaka mwezi wa kwanza huu tukaona tiketi za basi la usiku zimeshuka bei sana tukasema basi, twende hivyo hivyo na baridi lake. Kwa walioko Ujerumani kusini basi la usiku ndo njia rahisi kuliko zote, unapanda Munich usiku, unapita Austria, unavuka milima pale Brenner umelala, asubuhi uko Italia. Viti ni vya basi tu, miguu hainyooki, kwahiyo beba shuka jepesi na soksi nzito. Alafu kitu muhimu sana, paspoti na kadi ya ukaazi viwe mwilini, sio kwenye begi lililowekwa chini ya basi, maana wakati wa kurudi polisi wa Ujerumani wanapanda pale mpakani wanakagua mmoja mmoja, na ukianza kusema vitambulisho viko kwenye buti utawachelewesha abiria wote. Anaetoka nyumbani Afrika Mashariki habari yake ni nyingine, kuna visa ya Schengen ambayo tangu katikati ya 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, kwahiyo Venice iunganishe na safari nyingine, usiijie yenyewe peke yake. Na mnaokuja na ndege za bei rahisi soma tiketi vizuri, nyingi zinatua Treviso wala sio eapoti ya Marco Polo, na kutoka Treviso mpaka Venice ni basi la saa nzima na dakika kadhaa juu, hela yake iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Tuongee baridi kwanza maana ndo inayotisha watu. Namba zenyewe hazitishi, mchana digrii sita saba, usiku inakaribia sifuri, Munich tunaona mbaya zaidi ya hizo. Tofauti ni maji. Huku baridi inapanda kutoka kwenye mifereji inaingia miguuni, jaketi unaweza kuwa nalo zuri na bado ukatetemeka kwasababu viatu ni vyepesi. Viatu vyenye soli nene visivyopitisha maji, soksi mbili, kofia, glovu, hapo umemaliza. Jua linazama mapema, saa kumi na moja kasoro ya jioni giza linaanza kuingia, kwahiyo ratiba yako ianze asubuhi sana. Faida yake ni kwamba ukipata siku yenye anga safi, nenda ukasimame Fondamente Nove, ile kingo ya kaskazini, utaona ng'ambo ya maji milima ya Alps imejaa theluji kama iko hapo hapo karibu. Wakati wa joto ukungu wa joto unaifunika, wengi waliokwenda mwezi wa saba hawajui kama Venice ina milima. Tena mwezi wa saba mifereji inanuka, kila mtu anakwambia hivyo. Sisi hatukusikia harufu yoyote mbaya.

Na ile ada ya kuingia mjini mliyoisikia, ilianza 2024, inawahusu wanaokuja na kuondoka siku hiyo hiyo, na inatozwa siku zile za msongamano tu kuanzia mwezi wa nne. Mwezi wa kwanza hakuna. Ukilala hoteli unalipa kodi ya utalii kwa kila kichwa kwa kila usiku, ni hela kidogo na msimu wa baridi inapungua, ila mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona kwenye simu na wanaitaka keshi pale pale, usije ukadhani unaibiwa.

Sasa vyumba. Tulianza Mestre kwasababu kila ushauri wa bajeti unasema Mestre. Mestre ni mji wa bara, ng'ambo ya daraja, treni mpaka stesheni ya Santa Lucia ni kama dakika kumi na tiketi ni euro moja na senti zake. Hosteli ilikua safi, mpya mpya, chumba cha wawili chenye bafu lake, joto la kutosha, mapokezi yako macho usiku kucha, sina cha kulalamika. Na Mestre ina faida moja ambayo sikuisoma popote, ukitoka stesheni ukaingia mtaa wa Via Piave na mitaa ya jirani utakuta Wabangladeshi wengi sana, maduka yao, saluni zao, na vihoteli vya biriani na nyama halali, sahani ya kushiba kwa bei ambayo upande wa pili wa daraja unapata kipande cha pizza na soda. Wengi wao wanafanya kazi kwenye kiwanda cha kutengeneza meli pale Marghera na kwenye majiko ya mahoteli ya Venice yenyewe. Tulikula wali, dengu na mbuzi, viungo vyote vimo, mume wangu akasema hapa ndo nyumbani. Kwa anaetafuta chakula halali Italia hii mitaa ishike kichwani.

Lakini ukilala Mestre unafanya nini? Jioni ikifika unaanza kuangalia saa, unahesabu treni, unapanda na wenzako wote waliokuja kutwa, unarudi kwenye mji wa magari na mataa ya barabarani. Yaani umeondoka wakati ule ule ambapo Venice inaanza. Hii tuliijua tulipohamia upande wa pili, Cannaregio, mtaa wa ndani ya Venice yenyewe, chumba ghorofa ya tatu kwenye nyumba ya zamani, hakuna lifti, ngazi nyembamba za mawe zimelika katikati, kitanda kinalia, kidirisha kinaangalia mfereji mdogo. Bei? Mwezi wa kwanza katikati ya wiki tulilipa euro 70 kwa chumba, wawili, na tofauti na hosteli ya Mestre ukitoa nauli za treni kwenda na kurudi ilikua ndogo mno. Vyumba hivyo hivyo ukiviangalia wakati wa Karnivali, ile sherehe yao kubwa ya vinyago, bei inapaa mpaka unafunga simu. Karnivali inaishia siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu kwahiyo tarehe inahama kila mwaka, angalia kalenda, na usikaribie siku hizo kama hela ni ya mawazo.

Chumba kilikua na kasoro moja, mwenye nyumba anazima hita usiku wa manane na kuiwasha alfajiri, tukalala na makoti juu ya blanketi. Tungeambiwa mapema tungeomba blanketi la pili. Ulizeni hilo kabla ya kulipa, nyumba za zamani nyingi zina mfumo mmoja wa joto kwa jengo zima na unawashwa kwa saa maalum.

Ila sikilizeni, usiku ule. Tumetoka kula saa tatu, mji umeisha. Watu wamerudi Mestre, wamerudi kwenye mabasi yao, wakazi wenyewe wa mji mkongwe siku hizi hawafiki elfu 50, na wengi wako majumbani madirisha yamefungwa. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hata baiskeli hairuhusiwi. Unasikia viatu vyako vinagonga jiwe, unasikia maji yanapiga ukuta, mtu akikohoa kwenye uchochoro wa nyuma unamsikia. Tukavuka daraja hili, tukavuka lile, taa moja moja ya njano ukutani, ukungu umeshuka, tukafika San Marco uwanja mzima tupu, tukatembea katikati yake tumeshikana mikono na hakuna aliekua anatupiga kikumbo. Nimeshaona picha za uwanja ule mchana wa kiangazi, hapatoshi pa kuweka mguu. Kama unaitafuta hiyo Venice ya mapenzi wanayoisema, ipo, iko saa tatu usiku mpaka saa mbili asubuhi, na ukilala bara hutoiona hata ukae wiki.

Asubuhi yake nikafungua dirisha nikaangalia mfereji unavyofanya kazi. Kwanza ikaja boti ya taka, ina winchi yake, vijana wanasukuma mikokoteni ya taka mpaka ukingoni, winchi inanyanyua mkokoteni mzima, inafungua chini, taka zinashuka ndani ya boti, unarudishwa. Nyuma yake boti ya mashuka ya mahoteli, marundo meupe yamefungwa. Alafu boti ya mboga na makreti ya maji ya chupa, nahodha kasimama nyuma anaendesha kwa mkono mmoja na mkono mwingine ameshika kikombe cha kahawa. Kila kitu unachokiona dukani pale kimepita majini, kikapakuliwa, kikasukumwa kwa kigari cha mkono kupanda ngazi za madaraja, na madaraja yenyewe ni zaidi ya 400. Nilivyoona hivyo sikulalamikia tena bei ya maji dukani. Na maji ya kunywa usinunue, kuna mabomba ya umma zaidi ya 100 mjini yanatiririka maji safi bure, beba chupa yako. Choo cha umma ndo kinauma, euro moja na nusu, kwahiyo ukinywa kahawa mahali maliza shida zako huko huko.

Boti za abiria, vaporetto, hapa ndo watu wanapoliwa hela. Tiketi moja ya dakika 75 ni euro 9.50, kwenda kituo kimoja au kumi ni hiyo hiyo. Ya saa 24 ni euro 25, ya siku tatu ni 45. Mwenye umri usiozidi miaka 29 anaweza kuchukua kadi ya Rolling Venice kwa euro 6, na kwa kadi hiyo tiketi ya siku tatu inashuka mpaka 27, tofauti kubwa sana hiyo, wanafunzi msiiache. Sisi umri umeshapita tukafanya hivi: siku ya mwanzo yote miguu, mji ni mdogo, kutoka stesheni mpaka San Marco ni nusu saa kama hujapotea, kisha mchana wa siku ya pili tukanunua ya saa 24, kwasababu saa zinahesabiwa kuanzia unapoigusisha kwenye mashine, sio kuanzia usiku wa manane. Kwahiyo tukapata mchana, tukapata usiku, tukapata na asubuhi ya pili mpaka saa sita. Na kugusisha ni lazima hata kama kigeti kiko wazi, wakaguzi wapo na faini yao ni kubwa.

Laini 1 ndo ya kupanda, inapita Mfereji Mkuu wote polepole, kituo hiki upande huu kituo kile upande ule, kama dakika 45 mpaka San Marco. Tulipanda usiku na tukapanda tena asubuhi na ukungu. Asubuhi ile sintoisahau, mbele huoni kitu, majumba yanatokea moja moja yanapita yanapotea. Nikawa namwangalia baharia wa boti, mdada wa makamo hivi, kazi yake ni kamba. Boti ikikaribia gati anarusha kitanzi kinaingia kwenye chuma, anaizungusha kamba chap chap mpaka inakaza inalia, boti inavutwa inagusana na gati, anasukuma kigeti, anatangaza jina la kituo kwa sauti, watu wanashuka wanapanda, anafungua kamba, tumeondoka. Kila kituo hivyo hivyo, mikono mitupu na baridi ile. Kwa hela tuliyolipa hiyo ndo huduma bora kuliko zote nilizoziona Venice, boti kwa wakati, safi, na wafanyakazi wanamsaidia mama mwenye kigari cha mtoto bila kuombwa.

Gondola, zile boti nyembamba za kasia. Bei rasmi ya manispaa ni euro 90 kwa nusu saa mchana, baada ya saa moja usiku ni 110 kwa dakika 35, na bei ni ya boti nzima sio ya mtu. Ni zaidi ya laki mbili za kwetu Tanzania. Kama mko watano gawaneni, haina shida, na anaekutajia bei ya juu ya hiyo mwambie bei rasmi unaijua. Wawili wenye bajeti yetu hapana. Badala yake kuna traghetto, gondola kubwa za kuvushia watu Mfereji Mkuu sehemu ambazo daraja liko mbali, wapiga makasia wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kwa mgeni ni euro 2. Tulipanda Santa Sofia kuvuka kwenda soko la samaki la Rialto. Wenyeji wanasimama wima na vikapu vyao, na mi nikasimama nimemshika mume wangu bega. Ni dakika mbili tatu tu lakini uko juu ya maji kwenye gondola ya kweli, majumba pande zote, na euro 86 zimebaki mfukoni. Kama unazipenda hizo boti zenyewe nenda Zattere, kingo ya kusini ya mji, kuna karakana inaitwa Squero di San Trovaso, unasimama ng'ambo ya mfereji unaangalia bure mafundi wanavyozitengeneza. Gondola moja ina aina nane za mbao, na haiko sawa pande mbili, upande wa kushoto ni mpana zaidi kwa makusudi ili iende moja kwa moja wakati mpiga kasia anapiga upande mmoja tu. Mume wangu ni fundi mbao, tulikaa pale mpaka vidole vikaganda, na ningekaa tena.

Chakula. Kanuni ya kwanza, mkahawa wenye menyu ya mapicha na mtu mlangoni anaekuvuta mkono, pita. Karibu na San Marco tulikaa mahali pamoja, bili ikaja na coperto, hiyo ni hela ya kukaa mezani, kwa kila mtu, juu yake asilimia za huduma, na pasta yenyewe ya vuguvugu. Coperto ni halali sehemu kubwa ya Italia, Venice ikiwemo, ila lazima iandikwe kwenye menyu, itafute chini kabisa kwa maandishi madogo. Na samaki ukiona bei ya chini ajabu angalia kama imeandikwa all'etto, maana yake ni kwa gramu 100, sio samaki mzima, hapo watu wanalia.

Kula kwenye bacaro. Ni vibaa vidogo, watu wamesimama, kwenye kabati la kioo wamepanga cicchetti, vipande vya mkate vyenye vitu juu yake, kimoja euro moja na nusu mpaka tatu, unanyooshea kidole unapewa. Kipo cha baccalà mantecato, samaki mkavu aliechemshwa akapigwa na mafuta mpaka akawa mweupe mlaini kama krimu, nilikula vinne. Samaki mwenyewe anatoka Norway, na stori yake ni ya baharini kweli, mwaka 1431 nahodha wa Venice anaitwa Pietro Querini alivunjikiwa na meli akiwa safarini kwenda Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, maji yakawapeleka yeye na mabaharia wachache waliobaki mpaka visiwa vya kaskazini ya Norway, wavuvi wa kule wakawapokea wakawalisha samaki wa kukausha na upepo, na aliporudi kwao akaja na habari za samaki huyo. Karibu miaka 600 na bado wanamla. Kuna na sarde in saor, dagaa wakubwa waliokaangwa wakalazwa kwenye kitunguu kingi na siki, zabibu kavu juu, hawa wanapikwa leo wanaliwa kesho, mabaharia walikua wanawabeba hivyo. Kwa msiotumia pombe na nguruwe ulizeni, kwenye saor wengine wanatia mvinyo, na mikate mingi ina ham. Cannaregio pale Fondamenta della Misericordia na Ormesini vibaa viko vingi, wanakula wanafunzi na wenyeji, tulishiba wawili na kinywaji kwa bei ya sahani moja ya kule San Marco.

Kahawa kunywa umesimama kaunta, euro moja na kidogo. Ukikaa bei inapanda, na ukikaa kwenye zile za uwanja wa San Marco kama Caffè Florian, ambayo iko wazi tangu 1720, unalipia historia na muziki. Sio wizi, bei wameziandika, ila sio kwa bajeti hii.

Na kuanzia mwezi wa kwanza mpaka Karnivali maduka ya keki yanauza fritole. Ni kaimati kabisa jamani, kaimati kubwa, duara, imekaangwa, ndani zabibu kavu, nje imeviringishwa kwenye sukari, tena zipo za kujazwa krimu. Za moto asubuhi na baridi ile, ukingoni mwa mfereji, moja mkono huu kahawa mkono ule. Nyingi zinatiwa grappa au ramu kidogo kwenye unga, Waislamu waulize kabla. Hizi huwezi kuzila mwezi wa saba hata uwe na hela gani.

Tiketi ile ya saa 24 ilitupeleka na Murano na Burano, laini 12 kutoka Fondamente Nove. Burano ni nyumba za rangi zote, nyekundu, buluu, pinki, na siku ya mawingu ndo zinawaka zaidi, nusu siku inatosha. Murano nilitaka kwasababu ya vioo, matanuri yote ya vioo yalihamishiwa kule mwaka 1291 kwa kuogopa moto mjini, na kilichonigusa ni shanga. Karne ya 19 shanga za kioo za Venice zilikua zinaingia Zanzibar kwa wingi, zinafungwa kwenye mizigo ya misafara pale Bagamoyo, zinapanda bara mpaka Tabora na Ujiji, kwa shanga hizo wapagazi wananunuliwa chakula na machifu wanalipwa hongo ya kupita. Bibi yangu mzaa mama ni Mnyamwezi. Nimesimama mbele ya kabati la makumbusho ya kioo naangalia vishanga vidogo vyekundu na vyeupe, nikawaza babu wa babu yake amevibeba begani kilomita zaidi ya 800, na vilianzia kwenye kisiwa hiki nilichokuja kutembea na mume wangu. Nilikaa pale muda mrefu. Kiingilio kipo ila kwa Mswahili hiki ndo kiingilio ambacho ningekilipa kabla ya vyote.

Vioo vya kununua ni tahadhari, vile vya bei ya kutupa karibu na Rialto vingi havijatoka Murano, tafuta kibandiko cha Vetro Artistico Murano, na tanurini wakikuonyesha bure wakakuingiza dukani hulazimiki kununua, shukuru toka.

Makanisa kwa haraka: Santa Maria della Salute bure, Frari euro 5 na unaona mchoro mkubwa wa mchoraji Titian wa mwaka 1518 na kaburi lake humo humo. Basilika la San Marco nje peke yake linatosha kwa mwenye bajeti, kwenye michoro ya vigae juu ya milango wameonyesha jinsi mwili wa Mtakatifu Marko ulivyoondolewa Alexandria mwaka 828, inasimuliwa wafanyabiashara waliuficha chini ya nyama ya nguruwe ili wakaguzi Waislamu bandarini wasisogee. Ikulu ya Doge, mtawala wa Venice ya zamani, ni euro 30 kwa kichwa, tuliiacha. Ukipanga safari ikaangukia Jumapili ya kwanza ya mwezi, Gallerie dell'Accademia na makumbusho mengine ya serikali ni bure.

Maji kujaa mjini, acqua alta, ndo swali nililoulizwa zaidi. Msimu wake ni kuanzia vuli mpaka baridi hii hii. Tangu mwezi wa kumi 2020 wana mageti 78 chini ya bahari kwenye milango mitatu ya kuingilia, mfumo unaitwa MOSE, ukitabiriwa ujazo wa sentimita 110 yanainuliwa na mji unabaki mkavu. Chini ya hapo San Marco bado inaweza kulowa maana ndo chini kuliko kote, utaona meza za mbao zimerundikwa pembeni, hizo ndo njia za kupitia maji yakija. Sisi hatukupata hata tone. Angalia utabiri wa maji kwenye tovuti ya manispaa kabla ya kulala, unaonyesha saa na sentimita.

Simu isikupe kiburi, vichochoro ni vyembamba, ramani inaruka. Fuata vibao vya njano ukutani, Per Rialto, Per San Marco, Alla Ferrovia ukitaka stesheni. Na sanduku la magurudumu acha nyumbani beba begi la mgongoni, kila daraja lina ngazi.

Tunapanga kurudi tarehe 21 mwezi wa kumi na moja, sikukuu ya Salute, ya kushukuru kumalizika kwa tauni ya 1630, wanatandika daraja la muda juu ya Mfereji Mkuu watu wanavuka kwenda kanisani na mishumaa, na wanapika castradina, nyama ya kondoo na kabichi. Mwenye kuzijua bei za vyumba vya Cannaregio wiki hiyo aniambie mapema, na aniambie hita inazimwa saa ngapi.